Wiki ya kwanza chuoni: mwongozo kamili wa kuitumia orientesheni kwa mwanafunzi mpya

Mwaka wangu wa kwanza niliripoti chuoni siku kumi baada ya wenzangu. Nyumbani tulikuwa tunasubiri mahindi yauzwe ili nauli na ada ya kuanzia zipatikane, na kaka mmoja wa pale mtaani aliyenitangulia kusoma alinituliza: "Usihangaike, ile wiki ya kwanza ni hotuba tu na kuzungushwa mazingira." Nikamwamini. Nilipofika niliingia darasani moja kwa moja, nikasoma muhula mzima, nikafanya majaribio yote. Wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho yakabandikwa majina ya watahiniwa, na katika kozi mbili kati ya tano jina langu halikuwemo. Sikuwa nimezisajili kwenye mfumo. Nilidhani ukishalipa na kupewa namba ya usajili, kozi zinaingia zenyewe. Jinsi ya kuzisajili ilielezwa siku ya tatu ya orientesheni, wakati mimi bado niko kijijini napiga hesabu ya magunia.

Kozi hizo nilizifanya mwaka uliofuata, nimekaa na waliotoka kidato cha sita juzi. Tangu nihitimu, kila vyuo vinapofunguliwa, Oktoba au Novemba, wadogo zangu na watoto wa majirani wanapita kwangu Dar es Salaam wakielekea chuo. Nimesimama nao kwenye foleni za vyuo vingi. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia jioni kabla hawajaondoka, na ni kwa ajili ya mwanafunzi wa Tanzania anayeingia chuo kikuu, ingawa mengi yanamfaa pia anayekwenda stashahada.

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwa nini wiki hii ina thamani. Katika mwaka mzima hizi ndizo siku pekee ambapo ofisi zinakufuata ulipo. Afisa Mikopo, mkutubi, mkuu wa idara, daktari wa zahanati, Mshauri wa Wanafunzi, wote wanakaa kwenye meza moja mbele yako na kazi yao siku hiyo ni kujibu maswali yako. Wiki ya pili kila mmoja anarudi ofisini kwake, na kumpata mmoja tu kunaweza kukugharimu asubuhi nzima na kipindi ulichokosa.

Kabla hujapanda basi

Soma maelekezo ya kujiunga, yale tunayoyaita "joining", mwanzo mpaka mwisho, mara mbili. Mara ya pili shika kalamu, piga mstari chini ya kila kitu kinachodaiwa. Chuo kimoja kinataka fomu ya afya iliyojazwa na kugongwa mhuri hospitali ya serikali, kingine kinakupima chenyewe. Hosteli moja ina magodoro, nyingine haina. Nimeona kijana kafunga godoro juu ya basi kutoka Songea na kukuta kitanda alichopangiwa kina godoro tayari.

Kama ulichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, hakikisha umethibitisha chuo kimoja kwa ule msimbo unaotumwa kwenye simu kwa utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Asiyethibitisha anafika getini na barua nzuri kabisa lakini jina halipo kwenye orodha.

Halafu nyaraka. Vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita (au karatasi ya matokeo kama cheti bado), cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, barua ya udahili, picha za pasipoti saizi, stakabadhi za malipo. Toa nakala tatu tatu. Kisha piga picha kila karatasi kwa simu na ujitumie mwenyewe kwa barua pepe, maana basi linaweza kuondoka na begi lako.

Kwenye majina nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokwama zaidi ya wanavyotarajia. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza binti mmoja aliyetoka Kasulu na mama yake. Cheti chake cha kidato cha nne kinasema Hadija, NIDA inasema Khadija. Herufi moja. Dada wa mezani akazisoma karatasi zote mbili, akazirudisha taratibu.

"Mama shikamoo," akamwambia mama mtu. "Huyu ni mtu mmoja au wawili?"

"Marahaba mwanangu. Ni huyu huyu mmoja, nimemzaa mimi."

"Mimi nakuamini, mama. Mfumo ndio unaona wawili."

Usajili ulikamilika siku ya nne, baada ya kwenda kwa wakili na kurudi na karatasi yenye mhuri, na bahati yake ni kwamba alikuwa amewahi. Angefika wiki ya pili, siku hizo nne zingekuwa siku za masomo. Kwa hiyo leo hii, ukiwa bado nyumbani, weka vyeti vyako mezani kimoja pembeni ya kingine, akaunti ya benki na fomu ya mkopo zikiwemo, ulinganishe majina herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, piga simu chuoni uulize wanataka uthibitisho gani, ushughulike nao wilayani kwako kabla ya safari.

Kwenye vyuo vya umma malipo yote yanapita kwenye kontroli namba, ile namba maalumu ya kulipia inayotolewa na mfumo. Mtu yeyote anayekutumia namba yake ya simu ili "akushikie chumba hosteli" au "akusogezee jina" ni tapeli, hata kama anajua jina lako kamili na kozi uliyochaguliwa. Orodha za waliochaguliwa hutolewa hadharani, kwa hiyo kujua jina lako si ushahidi wa chochote.

Mwisho, panga ufike mchana, siku moja kabla. Kwa anayekuja Dar es Salaam, mabasi mengi ya mikoani yanaishia stendi ya Magufuli pale Mbezi, na kutoka hapo bado unahitaji usafiri mwingine. Kufika saa tano usiku na mabegi mawili, hujui njia, ni kujitafutia hasara.

Siku ya kuripoti

Ukifika, usijiunge na foleni ya kwanza unayoiona. Zunguka dakika kumi, uliza meza ya kwanza ni ipi, kwa sababu kila meza inadai karatasi iliyogongwa na meza iliyotangulia. Mara nyingi mpangilio ni huu: uhakiki wa malipo, uhakiki wa vyeti, usajili, afya na bima, malazi, kisha picha ya kitambulisho. Nimeona watu wakisimama kwa muda wa saa tatu kwenye meza ya malazi, kisha wakaambiwa waanzie kwenye uhasibu.

Beba maji, kitu cha kula, kalamu yako mwenyewe na pini za karatasi. Simu iwe na chaji. Jirani yako wa foleni ongea naye, maana nusu ya marafiki wa chuo watu huwapata hapo, na yeye ndiye atakayekushikia nafasi ukienda kutoa kopi.

Usiondoke eneo la usajili bila kuwa na mambo manne mkononi: namba yako ya usajili, jina la mtumiaji na nenosiri la mfumo wa chuo (pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM, unaitwa ARIS), jina la ofisi inayotoa vitambulisho na tarehe ya kuchukua chako, na ushahidi ulioandikwa wa kila ulichokabidhi. Ingia kwenye mfumo jioni hiyo hiyo, ubadilishe nenosiri, uangalie kama jina, programu na jinsia vimeandikwa sawa. Kosa la siku ya kwanza hurekebishwa kwa dakika tano. Likigunduliwa mwaka wa tatu kwenye maandalizi ya cheti, utazunguka nalo miezi.

Ukumbini

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na kilihamia Mlimani mwaka 1964. Nadhani wanafunzi wale wa kwanza walimjua kila mwalimu kwa sura ndani ya siku mbili. Leo unakaa ukumbini na mamia ya wenzako, spika zinakwaruza, na anayezungumza anaonekana mdogo kama kidole. Ndiyo maana wengi wanachukua simu wanaanza kuchati.

Fanya hivi. Kwenye daftari, kila mzungumzaji mpe mistari mitatu: ofisi yake iko wapi, unamwendea kwa shida gani, na kuna tarehe gani ya mwisho anayoitaja. Hotuba za kukaribishwa zisikilize kwa heshima, hazihitaji kalamu. Wa benki na mitandao ya simu watakuja na laini za bure na fomu za kufungua akaunti. Kuwa mwangalifu hapo: kama akaunti yako ya benki tayari iko kwenye taarifa za mkopo, usianze kubadilisha akaunti kwa sababu ya fulana ya bure.

Andaa maswali kabla hujaingia. Swali la jumla, kama "tufanyeje ili tufaulu", linapata jibu la jumla. Uliza hivi: dirisha la kusajili kozi linafungwa lini? Nikitaka kuhama programu, nawasilisha wapi na mwisho lini? Nikiugua siku ya mtihani, nani nimpe taarifa, kabla au baada? Ukiona haya kusimama mbele ya watu wote, subiri kikao kiishe umfuate mezani. Wanaofuata mezani ni wachache, na hukumbukwa.

Kuhama programu ni jambo la wiki za mwanzo tu. Dirisha lake ni fupi, unahitaji sifa za programu unayohamia na nafasi iwepo, na kama una mkopo lazima uhakikishe Bodi ya Mikopo imepata taarifa ya uhamisho. Aliyejigundua kwamba hakuitaka kozi aliyopangiwa akakaa kimya hadi muhula wa pili, mara nyingi amefungiwa.

Kanuni za mitihani: kikao ambacho hutakiwi kukikosa

Kama hali itakubana na ukaweza kuhudhuria kikao kimoja tu wiki nzima, kiwe hiki.

Watu wanatoka kidato cha sita wakiwa na mazoea ya mtihani mmoja mkubwa mwishoni. Chuoni alama zinaanza kukusanywa wiki ya tatu au ya nne. Vyuo vingi vinagawa hivi: 40 kwa majaribio, kazi za kuandika na mawasilisho ya semina, na 60 kwa mtihani wa mwisho, ule tunaouita UE. Vipo vyuo ambavyo usipofikisha kiwango fulani kwenye zile 40 hata UE huruhusiwi kuingia. Uliza kiwango cha kwenu.

Madaraja nayo ni tofauti na ya NECTA. Kwenye vyuo vyetu vingi A inaanzia 70, B+ 60, B 50, na C 40. Kila herufi ina pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi hizo zinazidishwa kwa krediti za kozi, yaani uzito wake, zinajumlishwa, kisha zinagawanywa kwa jumla ya krediti. Hiyo ndiyo GPA, wastani wa pointi zako. Wanaoanza huisikia hesabu hii kama jambo la mbali, kwa hiyo tuifanye.

Tuseme muhula wa kwanza una kozi tano. Tatu zina krediti 12 kila moja, na mbili zina krediti 8 kila moja. Jumla krediti 52. Kwenye zile kubwa umepata B+, B na C. Kwenye zile ndogo umepata A na B. Hesabu: 48, 36, 24, 40 na 24, jumla 172. Gawa kwa 52, unapata 3.3. Hiyo ni daraja la pili la chini, maana daraja la pili la juu linaanzia 3.5 na la kwanza linaanzia 4.4.

Sasa chukua ile C moja, igeuze kuwa B. Jumla inakuwa 184, na ukigawa kwa 52 unapata 3.5. Umepanda daraja. Kama ile C ilikuwa ya alama 48, kilichokutenga na daraja la juu ni alama mbili, na alama mbili ndizo unazopoteza kwa kutokuwasilisha kazi moja ya wiki ya nne kwa sababu ulikuwa hujajua kwamba inahesabiwa. Ona pia kwamba ile A ya kozi ndogo ilikupa pointi 40, chini ya B+ ya kozi kubwa. Kwa hiyo wiki hii hii chukua orodha ya kozi zako, andika krediti za kila moja pembeni, ujue uzito uko wapi.

Krediti nazo zina maana yake. Kwa mwongozo wa TCU krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mzima una krediti kama 120. Ukizigawa kwenye mihula miwili ya wiki 15 hivi, unapata saa 40 kwa wiki. Ratiba yako ya darasani itaonyesha labda saa 18 au 20. Zilizobaki hazipo kwenye ratiba, ni zako kuzipanga: maktaba, semina, makundi, kusoma peke yako. Mtu asiyeambiwa hili anaiona Jumatano haina kipindi anadhani ni siku ya mapumziko.

Mengine ya kuuliza kwenye kikao hiki: sapu (mtihani wa marudio) ni kozi ngapi, kukerii (kuibeba kozi uliyofeli hadi mwaka unaofuata) kunaruhusiwa kwa masharti gani, na kudisko (kuondolewa chuoni) kunatokea GPA ikishuka wapi. Kila chuo kina kifungu chake, kipate kwa maandishi. Uliza kuhusu simu kwenye chumba cha mtihani. Kwenye vyuo vingi kukutwa nayo mfukoni, hata ikiwa imezimwa, ni kosa la udanganyifu, na nimemwona kijana mwadilifu kabisa akiitwa kwenye kamati kwa kusahau. Uliza idara yako inaruhusu nini kuhusu programu za akili mnemba katika kazi za nyumbani, na kunakili maandishi ya mtu kunahesabiwaje.

Na uliza kuhusu kuahirisha. Msiba, ujauzito, ugonjwa, ada kukwama: yote haya yana njia yake rasmi. Mwanafunzi anayeandika barua ya kuahirisha mtihani au mwaka anarudi akaendelea alipoishia. Anayetoweka kimya anahesabiwa ameacha au ameshindwa. Nawafahamu watu wawili waliopoteza chuo hivyo, wote walikuwa na sababu ambayo ofisi ingeikubali.

Sajili kozi, kisha hakikisha

Hapa naandika nikikumbuka yangu. Ingia kwenye mfumo na orodha ya kozi za programu yako kutoka prospektasi (kitabu cha mwongozo wa chuo) ya mwaka huu, usitumie ya mwaka jana uliyopewa na rafiki. Sajili kozi za lazima, chagua za hiari kwa kuuliza idarani. Usisahau zile za chuo kizima, kama DS (masomo ya maendeleo) na stadi za mawasiliano, ambazo wanaosoma sayansi huzidharau halafu wanazipatia sapu. Ukimaliza, toka kwenye mfumo, ingia tena, uone kama zimebaki. Chapisha ukurasa huo au upige picha. Wiki ya tatu angalia tena. Kwenye kila kozi hakikisha jina lako lipo kwenye orodha ya mhadhiri na kwenye kundi lako la semina.

Tembea njia zako kwa miguu

Ratiba imeandikwa kwa vifupisho vya kumbi ambavyo hakuna anayekuelezea. Mchana wa siku ya nne au ya tano chukua ratiba yako, uanze na kipindi cha Jumatatu asubuhi, utembee mpaka kwenye ukumbi wenyewe, ugeuke uende wa pili, uhesabu dakika. Kwa anayekaa hosteli ya Mabibo akisoma Mlimani, hesabu inaanza na kupanda gari. Pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kampasi za ndaki (vitengo vikubwa vya masomo) zimekaa mbali mbali juu ya vilima, na jua la Dodoma la saa saba mchana halina kivuli. Anayefika ukumbini dakika ya ishirini anakuta viti vimejaa mpaka nje, anasikiliza dirishani, mwisho anaacha kwenda.

Kwenye matembezi hayo pitia zahanati, ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, idara yako, mahali pa kuswali au kusali, na maktaba. Maktaba usiishie mlangoni. Maktaba mpya ya UDSM iliyofunguliwa mwaka 2018 imejengwa kuchukua watu zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja, na bado wapo wanaohitimu wakiwa wameijua kama mahali penye kiyoyozi na intaneti. Hudhuria mafunzo ya mkutubi, azima kitabu kimoja siku hiyo hiyo hata kama huna haraka nacho, ili ujue utaratibu. Uliza jinsi ya kufungua majarida ya mtandaoni ukiwa chumbani kwako.

Bumu

Kama una mkopo wa Bodi, wiki hii ndiyo ya kukamilisha usajili na kuweka alama za vidole, kwa sababu pesa haiingii kwa mtu ambaye chuo hakijathibitisha kwamba amefika. Mkopo una mafungu yake: ada inakwenda chuoni moja kwa moja, na posho ya chakula na malazi inakuja kwako, ndiyo tunayoiita bumu. Posho hiyo ilikuwa 8,500 kwa siku, sasa ni 10,000. Uliza Afisa Mikopo wewe umepangiwa mafungu yapi na kiasi gani, usichukue hesabu ya mwenzako ukadhani ndiyo yako.

Kwa siku 60, bumu hilo ni 600,000. Kijana ambaye hajawahi kushika laki sita anaiona ni nyingi. Tuseme amekosa hosteli, amepata chumba mtaani cha elfu 60 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, dalali anataka ya mwezi mmoja. Hiyo ni 420,000. Zimebaki 180,000 kwa siku 60, sawa na 3,000 kwa siku, kula, nauli, kopi na bando vikiwa humo humo. Ndiyo maana nashauri kupigania hosteli ya chuo wiki ya kwanza, na ukiikosa, tafuteni chumba wawili. Kwa mwenye nyumba ombeni miezi mitatu. Kubebana hosteli, yaani kulala kitanda kimoja na mwenye chumba kinyemela, kunakwisha vibaya kwa nyote wawili ukaguzi ukipita.

Njoo na akiba ya kukutosha wiki tatu hadi nne, maana bumu la kwanza la mwaka wa kwanza mara nyingi linachelewa. Na ujue unachokisaini: ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe.

Watu watano wa kuwajua kwa majina

Kabla ya Ijumaa, uwe na jina na ofisi au simu ya hawa: mshauri wako wa masomo idarani, Afisa Mikopo, mlezi wa hosteli au kiongozi wa mtaa unaoishi, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa programu yako mwenyewe, na mtu mmoja ulaliye naye chumba kimoja ambaye ana namba ya nyumbani kwenu. Wa mwaka wa pili ana thamani kubwa kuliko wa mwaka wa tatu, kwa sababu bado anakumbuka alipojikwaa. Mwulize swali moja: "Dada, mwaka jana ni kozi ipi iliyowashika wengi, na kwa nini?"

CR, yaani kiongozi wa darasa, mtamchagua ndani ya siku hizi. Msichague anayeongea sana. Mchagueni anayefika mapema, maana ndiye atakayepeleka na kuleta taarifa za mhadhiri, na kundi la WhatsApp la darasa litakuwa mikononi mwake. Ingia kwenye kundi hilo, lakini tangazo lolote la tarehe lithibitishe kwenye ubao wa idara au almanaki ya chuo.

Usalama, na jambo ambalo wengi hawalisemi

Wiki ya kwanza wezi wa kompyuta mpakato wanajua kwamba milango inaachwa wazi kwa ugeni. Nunua kufuli lako. Usitembee na simu mkononi njia za vichochoro baada ya magharibi.

Kisha hili, kwa mabinti hasa, ingawa hata wavulana linawafika. Mtu mwenye mamlaka juu ya alama zako, chumba chako au mkopo wako akikutaka kimwili ili akusaidie, hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Vyuo sasa vina madawati ya jinsia. Orientesheni ikitaja ofisi yake, andika chumba na jina la anayekaa hapo. Simu ya bure ya TAKUKURU ni 113. Tunza jumbe, usizifute kwa hasira, na usiende peke yako ofisini kwa mtu aliyekuita saa ambazo jengo ni tupu. Mdogo wangu, kama limekupata, hujalitaka wewe, na alama zako zina njia ya kulindwa: omba karatasi isahihishwe upya kwa utaratibu wa rufaa.

Kama umechelewa kama mimi

Hujapotea. Siku ya kwanza usiende darasani, nenda ofisi ya udahili ukakamilishe usajili, kisha mfumo wa kozi, kisha Afisa Mikopo, kwa mpangilio huo. Siku ya pili mtafute CR umwombe picha za slaidi za orientesheni na orodha ya tarehe. Siku ya tatu nenda kwa mshauri wa masomo, umwambie wazi: "Shikamoo mwalimu, nimechelewa kuripoti kwa sababu ya ada. Naomba kujua nimepitwa na nini na kuna kazi gani ninayoweza bado kuwasilisha." Sijawahi kuona mwalimu anayemfukuza mwanafunzi aliyekuja hivyo wiki ya pili. Nimeona wengi wakiwakatalia waliokuja hivyo wiki ya kumi na tatu.

Na wewe mzazi unayesoma hapa kwa ajili ya mwanao: ikiwa pesa haitoshi vyote viwili, mtume awahi na nauli na sehemu ya ada inayoruhusiwa kuanzia, begi jipya na viatu vitamfuata kwa basi.

Jumapili jioni

Kaa na daftari lako kabla ya wiki ya masomo kuanza. Andika majibu ya haya bila kumwuliza mtu: namba yangu ya usajili ni ipi, kozi zangu ni ngapi na zina krediti ngapi, nimeziona kwenye mfumo, kipindi cha kesho kiko ukumbi gani na natoka chumbani saa ngapi, jaribio la kwanza linatarajiwa wiki ya ngapi, nikiumwa usiku nampigia nani. Swali litakaloshindikana, liandikie pembeni jina la ofisi inayohusika. Jumatatu saa mbili kasoro robo asubuhi uwe umesimama mlangoni kwao, kabla foleni haijaanza.